Mzizi na Kadi: Uhakiki wa Programu Mbili za Kuhifadhi Madondoo

Programu ya kuhifadhi madondoo aghalabu husifiwa kwa wepesi na sura yake. Vipimo hivyo havimtoshi mtafiti wa lugha ya Kibantu. Yeye hana budi kuuliza mambo mawili zaidi: je, programu yautambua mzizi uliozungukwa na viambishi? Na je, data zitasomeka baada ya programu yenyewe kuachwa? Kwa maswali hayo tutalinganisha Obsidian, iliyotolewa kwa umma mwaka 2020, na Shoebox, iliyoundwa na shirika la SIL katika miaka ya 1980, pamoja na mrithi wake, Toolbox.

Jina la Shoebox latukumbusha makasha ya viatu ambamo watafiti walipanga kadi zao. Kila rekodi ni kama kadi: kidahizo, aina ya neno, maana na mfano, kila sehemu ikitanguliwa na alama yake. Ubora wake mkubwa ni uchanganuzi. Mtafiti akiisha kuingiza mofimu zinazohusika, umbo "anapendwa" hugawanywa kuwa a-na-pend-w-a, na maana ya kila kipande huwekwa chini yake. Penye utata, mtafiti huulizwa achague. Programu haijui Kiswahili. Yajua ilichofundishwa tu.

Obsidian, kwa upande wake, huunganisha madondoo kwa majina. Kiungo cha "watoto" hakifiki kwenye dondoo la "mtoto" mpaka mwandishi aelekeze hivyo, au asajili umbo hilo kuwa jina la pili. Kwa nomino kazi hii yavumilika. Kwa vitenzi haiwezekani, maana maumbo ya kitenzi kimoja ni mengi mno. Tukitafuta "pend", twapata "anapendwa" na "wapendanao", lakini "mapenzi" na "mpenzi" huachwa, kwa kuwa d imegeuka z. Yuko atakayejibu kwamba programu hii hukubali fomula ya kutafuta d au z kwa pamoja. Ni kweli. Lakini hapo kanuni ya fonolojia hubaki kichwani mwa mtafutaji. Katika Toolbox, "penz" huandikwa ndani ya rekodi ya "pend" kama umbo lake mbadala, na mwanafunzi ajaye huikuta.

Kuhusu swali la pili, Obsidian husifiwa kwa kuweka madondoo katika faili za maandishi matupu ndani ya kompyuta ya mwenyewe. Sifa hiyo ni njema, ila si mpya: Shoebox nayo ilifanya vivyo hivyo. Udhaifu wa enzi yake ulikuwa herufi. Kabla ya Unicode, lugha zenye herufi kama ĩ na ũ, mathalani Kikuyu, zilitegemea fonti za pekee, na fonti ikikosekana maandishi huvurugika. Hapo programu mpya yastahili sifa kamili.

Kwa hiyo, Obsidian yafaa kwa madondoo ya usomaji na kwa kujenga hoja. Data za lugha zihifadhiwe panapotambua mofimu. Idara itakayomwachia mwanafunzi achague kwa kufuata mtindo wa siku itapokea tasnifu nzuri, lakini mtafiti atakayemfuata atalazimika kuchanganua maneno yale yale upya.