Fedha za Ulaya kwa michezo na vijana: mlango mdogo ulivyofunguliwa

Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu, vijana na michezo, una bajeti inayokaribia euro bilioni 26.2 kwa kipindi cha 2021 hadi 2027. Michezo imetengewa asilimia 1.9 ya fedha hizo, vijana asilimia 10.3. Kwa hesabu ya haraka, upande mmoja unapata kama nusu bilioni kwa miaka saba, upande wa pili unapata zaidi ya bilioni mbili na nusu. Hata hivyo, klabu inayofundisha mpira watoto wa mtaa hukimbilia dirisha la michezo bila kulitazama la pili, eti kwa sababu wao ni klabu ya michezo.

Nitarudi kwenye hesabu hiyo. Kwanza sheria, sehemu ambayo waombaji wengi huiruka na baadaye wakashangaa kwa nini andiko lao limekataliwa. Kabla ya Mkataba wa Lisbon kuanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009, Umoja wa Ulaya haukuwa na mamlaka ya kimkataba juu ya michezo. Kifungu cha 165 cha Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya kiliupa mamlaka hayo, lakini ni ya kusaidia na kuratibu tu. Viwanja, ligi na mishahara ya makocha vilibaki mikononi mwa nchi wanachama, mikoa na manispaa zao. Kwa hiyo Brussels haiwezi kuilipia klabu ya Lyon kitu ambacho Ufaransa au manispaa ya Lyon ndiyo yenye wajibu wa kukilipia. Inaweza kulipia kile kinachopatikana klabu ya Lyon inapokaa na klabu ya Torino na zikafanya jambo ambalo hakuna kati yao ambayo ingelimudu peke yake.

Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajieleza. Fedha hizi hazinunui mipira wala jezi, wala hazijengi uwanja. Zinanunua ushirikiano wa kuvuka mipaka. Anayetaka uwanja aulizie mfuko wa maendeleo ya mikoa, unaosimamiwa na mamlaka za huko aliko, na mara nyingi njia yake hupita ofisi ya manispaa. Andiko linaloanza kwa “klabu yetu haina vifaa” limeshajitoa lenyewe kabla mtathmini hajafika ukurasa wa pili.

Michezo ilipata sura yake ndani ya Erasmus+ mwaka 2014. Katika kipindi kile cha kwanza, dirisha dogo kabisa lilitaka asasi tatu kutoka nchi tatu, na ukomo ulikuwa euro 60,000. Bajeti ilijengwa kifungu kwa kifungu. Klabu yenye mweka hazina wa kujitolea, anayefanya kazi hiyo usiku baada ya kutoka kazini, ilijikuta ikishindana na mashirikisho yenye maofisa wa miradi wanaolipwa mshahara. Kwenye karatasi dirisha lilikuwa dogo, lakini kazi yake haikuwa ndogo.

Mwaka 2021 mambo mawili yalibadilishwa kwa pamoja, na hapo ndipo penye ufundi. La kwanza ni idadi: asasi mbili kutoka nchi mbili zinatosha. La pili ni namna ya kulipa. Mwombaji anachagua moja kati ya viwango viwili vya mkupuo, euro 30,000 au 60,000, kwa mradi wa kati ya miezi 6 na 24. Hakuna tena kubishana juu ya bei ya tiketi ya treni. Wakala wa Brussels unaosimamia dirisha hili, EACEA, hauulizi mkutano uligharimu kiasi gani. Unauliza kama ulifanyika, nani walihudhuria na nini kilitoka humo.

Wengi wakisikia “hakuna risiti” hufurahi kupita kiasi. Mkupuo umeuhamisha mzigo tu, haukuuondoa. Zamani ulithibitisha matumizi, sasa unathibitisha kazi. Shughuli uliyoiahidi isipofanyika, au ikafanyika ovyo, fungu lake linaweza kukatwa. Ndiyo maana orodha za mahudhurio zenye saini, picha zenye tarehe, ratiba za mafunzo na nakala za vitabu vya mazoezi zimekuwa na thamani kuliko stakabadhi za hoteli. Na sheria za uhasibu za nchi yako bado zipo palepale. Mkaguzi wa ndani hatakusamehe kwa sababu Brussels haikuuliza.

Kosa jingine ni kuahidi mno. Mwombaji anayeomba 30,000 huandika mashindano mawili, mafunzo manne, tovuti, filamu na utafiti, akidhani wingi unavutia. Mtathmini anaona jambo moja: kazi ya euro laki moja imebanwa kwenye bahasha ya thelathini elfu, kwa hiyo haitafanyika. Mimi ningependekeza shughuli tatu au nne zinazobebana, kila moja na gharama yake inayoaminika.

Sasa, kutafuta. Watu hufungua tovuti ya fedha na zabuni ya Umoja wa Ulaya, wanaandika neno “mpira wa miguu” kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapata lundo la matangazo, wanakata tamaa. Mwongozo wa mpango wenyewe una zaidi ya kurasa 400. Njia iliyo bora inaanzia nyuma: tafuta waliokwisha kupewa. Kamisheni ya Ulaya ina hazina ya wazi ya miradi yote iliyofadhiliwa na Erasmus+. Unachuja kwa michezo, kwa aina ya dirisha, kwa nchi, kwa mwaka, kisha unaongeza neno moja la mada yako, kwa mfano wasichana, wakimbizi au ulemavu. Kila mradi una ukurasa wake: mratibu ni nani, washirika ni akina nani, ruzuku ni kiasi gani, ulianza lini, umekwisha lini, na muhtasari uliotoka kwenye andiko lenyewe.

Huo muhtasari usome polepole. Utaona miradi iliyofaulu haisemi “tutaendeleza michezo kwa vijana”. Inasema kundi gani, umri gani, mji gani, tatizo gani lililopimwa vipi, na mshirika wa pili anajua nini ambacho wa kwanza hakijui. Pia utaona majina yanayojirudia. Asasi iliyoratibu miradi mitatu inajua fomu, na kwa kawaida inatafuta mshirika mpya mwenye kundi ambalo yenyewe haiwezi kulifikia. Klabu ya Wasomali na Wakongo jijini Malmö ina kitu ambacho shirikisho la taifa halina, yaani wazazi wanaowaamini makocha. Hiyo ndiyo bidhaa ya kupeleka sokoni. Kwa upande wa vijana, mtandao wa SALTO una chombo cha kutafutia washirika kiitwacho Otlas, nacho kinafaa pia kwa klabu.

Tukifika kwenye fomu yenyewe, maksi zimegawanywa wazi. Umuhimu wa mradi 30, ubora wa mpango na utekelezaji 30, ubora wa ushirika 20, matokeo 20. Ili ufikiriwe unahitaji angalau 60 kwa jumla, na pia angalau nusu katika kila kipengele. Sharti hili la pili ndilo linaloua. Chukua andiko lililopata 28, 27, 9 na 18. Jumla ni 82, maksi za kujivunia, lakini limetoka, kwa sababu ushirika umepata 9 kati ya 20. Hivyo ndivyo inavyokuwa mshirika anapotafutwa wiki ya mwisho, akatumiwa barua ya kusaini, na kazi yake ikaandikwa kwa mstari mmoja. Hata kuvuka 60 si kupata. Waombaji hupangwa kwa maksi na fedha hugawiwa kutoka juu hadi ziishe.

Kuna mambo ya karatasi ambayo hayana utamu lakini huangusha watu. Maombi yanayokwenda EACEA yanataka namba ya utambulisho wa asasi iitwayo PIC, yenye tarakimu tisa. Maombi yanayokwenda wakala wa taifa yanataka OID, inayoanza na herufi E. Ni namba mbili tofauti, na kuzipata kunahitaji hati za usajili zinazosomeka na zenye jina lilelile lililoko benki. Andiko la ruzuku za hadi 60,000 lina ukomo wa kurasa 40. Dirisha la michezo kwa kawaida hufungwa Machi, saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels. Kwa mshirika aliyeko Nairobi au Dar es Salaam hiyo ni saa moja usiku, na mfumo hauna huruma ya dakika tano. Na tahadhari na waandishi wa kukodiwa wanaouza andiko moja kwa klabu kadhaa: mpango unadai maandishi yawe ya waombaji wenyewe, na andiko lililonakiliwa huondolewa.

Nirudi kwenye zile asilimia. Klabu yenye vijana wa miaka 13 hadi 30 inaweza kuingia kwa mlango wa vijana bila kuacha mpira wake. Ziara za kubadilishana za vijana hukutanisha makundi ya nchi mbili au zaidi kwa siku 5 hadi 21, bila kuhesabu safari. Maombi hupelekwa kwa wakala wa taifa, si Brussels, kwa hiyo unaweza kuuliza maswali kwa lugha ya nchi unayoishi na kujibiwa na mtu anayeujua mji wako. Hata kundi la vijana lisilosajiliwa linaruhusiwa kuomba. Mpaka wake ni huu: ziara ya kitalii, likizo au safari ya maonyesho haikubaliki. Mchezo uwe njia ya kujifunza jambo, na vijana wenyewe waonekane wakipanga. Mtathmini wa upande huu akisoma ratiba iliyojaa mechi asubuhi na jioni, huishia hapo.

Mlango rahisi kuliko yote hauna mshirika wa nje kabisa. European Solidarity Corps, mpango dada wenye zaidi kidogo ya euro bilioni moja kwa kipindi hichohicho, una miradi ya mshikamano inayoendeshwa na vijana wasiopungua watano, wa miaka 18 hadi 30, wanaoishi kihalali katika nchi moja. Mradi unachukua miezi 2 hadi 12 na unagusa mtaa wao wenyewe. Vijana watano wa Antwerpen wanaotaka kuanzisha mazoezi ya jioni kwa kina mama waliofika karibuni hawahitaji shirikisho wala mkutano Lisbon. Kwa maoni yangu, hapa ndipo jumuiya za Waswahili barani Ulaya zingeanzia, kwa sababu mradi mdogo uliomalizika vizuri ni barua ya utambulisho kwa dirisha kubwa.

Na walioko nyumbani, Afrika Mashariki? Hadi maombi ya 2026, madirisha madogo ya michezo yalikuwa ya nchi 33 tu: wanachama 27 pamoja na Norway, Iceland, Liechtenstein, Serbia, Makedonia Kaskazini na Uturuki. Uingereza ilitoka kwenye mpango huu mwisho wa 2020. Lakini dirisha kubwa la ubia wa michezo, lenye mikupuo ya euro 120,000, 250,000 na 400,000, linaruhusu asasi ya Tanzania, Kenya au Uganda kuwa mshirika, mradi kuna walau asasi tatu kutoka nchi tatu za mpango. Haiwezi kuwa mwombaji mkuu. Tena lazima ionekane inaleta kitu cha lazima ambacho wengine hawana. Watathmini wasipokiona, wanaitoa kwenye mradi na kuendelea na waliobaki.

Kwa hiyo asasi ya Mwanza inayoandikiwa barua pepe na klabu ya Ulaya ikialikwa “kuwa mshirika” iulize mara moja: kazi yetu ni ipi, na fungu letu ni kiasi gani? Jibu likiwa ni picha za watoto na barua ya kuunga mkono, ikatae. Ikikubali, iwe na cheti cha usajili kilicho hai, iwe ni cha Baraza la Michezo la Taifa kwa Tanzania au cha Msajili wa Michezo kwa Kenya, na akaunti ya benki kwa jina hilohilo. Nimeona ushirikiano mzuri ukikwama kwa sababu cheti kilisema “klabu” na benki ikasema “chama”.

Maombi ya 2027 ndiyo ya mwisho katika kipindi hiki. Kwa 2028 hadi 2034 Kamisheni ilipendekeza, Julai 2025, euro bilioni 40.8 na kuunganisha Solidarity Corps humohumo. Hilo ni pendekezo, na kauli ya mwisho ni ya Bunge la Ulaya na nchi wanachama. Anayelenga dirisha la Machi atafute mshirika wake kabla ya Septemba, asome miradi ya nyuma ya mshirika huyo, kisha amwandikie barua fupi inayosema tuna vijana hawa, tunajua jambo hili, tunakosa hili.