Sindano Moja, Hukumu Mbili



Katika darsa moja ya baada ya Laasiri, hapa Ngorongo, niliulizwa juu ya sindano ya kuondoa makunyanzi ya uso. Nikajibu kwa ukali: ni sumu, ni haramu, basi! Siku chache baadaye akanijia mama mmoja. Mwanawe ana mtindio wa ubongo, miguu imekakamaa, na daktari alimtajia sindano hiyo hiyo ya kulegeza misuli. Akaniambia, "Maalim, nimekataa, kwa kuwa wewe ulisema haramu."

Kosa lilikuwa langu. Nililitamka hadharani, na hadharani ninalisahihisha.

Sumu hii, botulini, ndiyo inayoweza kumuua mtu aliyekula chakula kilichoharibika koponi. Kwa kipimo kidogo mno huzuia neva isiuamrishe msuli kukaza, na nguvu yake hudumu kiasi cha miezi 3 au 4. Marekani iliikubali mwaka 1989 kwa kutibu makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Makunyanzi yaliruhusiwa huko mwaka 2002. Basi tiba ndiyo iliyotangulia, mapambo yakafuata nyuma.

Na sheria yetu imepambanua mambo haya zamani. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamwozea, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Mtume huyo huyo amewalaani wanaobadili umbo la Mwenyezi Mungu kwa kutafuta uzuri. Haja ya mgonjwa si sawa na tamaa ya macho.

Mwaka 2021, huko Saudi Arabia, ngamia zaidi ya 40 walitolewa katika mashindano ya urembo kwa kudungwa sindano hizi na kufanyiwa hila nyingine. Ni udanganyifu. Ajabu iliyoje! Ngamia, asiyechagua lolote, anatolewa. Binadamu, aliyelipa kwa mkono wake, anasifiwa kuwa kijana.

Tena anayedungwa na asiye daktari hujitia hatarini, kwani sumu ikienea mwilini huweza kuzuia kumeza na hata kuvuta pumzi.

Mama yule nimemwambia arudi kwa daktari, na mimi nimejifunza kuuliza kabla ya kuharimisha. Nanyi mnaoyaogopa makunyanzi, jiulizeni: ni ugonjwa gani mnaoutibu?

Wallahu aalam.