Mshororo wa Tisa wa Terje Vigen

Shairi la Henrik Ibsen liitwalo Terje Vigen, lililotoka mwaka 1862, hupendwa kama kisa cha msamaha. Mimi nalisoma kwanza kama shairi la njaa iliyoletwa na manowari, na ushahidi wangu umo katika umbo la ubeti wake.

Mwaka 1809 Norway, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, imefungiwa bahari na Waingereza. Terje anapiga makasia peke yake hadi Denmark kumtafutia chakula mkewe na binti yao mdogo. Anarudi na mapipa matatu ya shayiri. Akiwa karibu kabisa na kwao, meli ya doria inamnasa. Shayiri inazama, naye anafungwa mpaka 1814. Akirudi, mke na mtoto wamekwisha kuzikwa.

Kila ubeti una mishororo tisa. Minne ya mwanzo inapokezana vina, a-b-a-b, na sikio linatulia. Kisha unaanza mzunguko wa pili wa namna ileile: c, d, c. Sasa tunaingoja d. Ibsen anatupa c nyingine, na kina tulichokingojea kinafika mshororo mmoja baadaye. Aliyelelewa na utenzi, ambao vina vyake vitatu hufuatana na cha nne kikafunga ubeti kwa wakati wake, atausikia ucheleweshaji huu mara moja. Unarudi ubeti baada ya ubeti, hata penye furaha, kiasi kwamba Terje anapokamatwa machoni pa nyumba yake, msomaji amekwisha kufundishwa kungoja kitu kilicho karibu na kisichofika. Sijui njia bora ya kumwonjesha mtu mzingiro wa bahari kwa vina peke yake.

Aliyeamuru kukamatwa kwake ni kijana wa miaka 18. Huyo ndiye anayerudi baadaye akiwa bwana mkubwa, na mke na mtoto, katika chombo kinachopigwa na dhoruba, na Terje ndiye rubani anayewaokoa. Anawapeleka palepale ilipozama shayiri, anatoboa mashua, kisha anamtazama mtoto na hasira inamwisha. Msamaha huo una uzito kwa sababu vina vimetuweka njaani kwa muda mrefu kabla yake.

Victor Sjöström wa Sweden aliligeuza shairi hili kuwa filamu bubu, akaiongoza na kumwigiza Terje mwenyewe. Mishororo ya Ibsen imekatwakatwa katika vibao vya maandishi, na ule mpangilio wa vina umevunjika. Hiyo ni hasara kubwa. Lakini bahari ni ya kweli, mawimbi yanapiga miamba ya kweli, na kule kufukuzana kwa mashua kunarefushwa hadi mtazamaji anachoka mikono pamoja na mpiga makasia.

Tena wakati filamu inatengenezwa, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, meli za Uingereza, nyingi zikiwa meli za abiria zilizofungwa mizinga, zilikuwa zikizunguka kati ya Shetland na Iceland, zikisimamisha na kupekua hata vyombo vya nchi zisizopigana, Sweden ikiwemo. Filamu ilianza kuonyeshwa Januari 1917. Miezi michache baadaye, wananchi wa miji ya Sweden waliingia barabarani kudai mkate.