Jasi ya Makanya: Bei Hupangwa Kwenye Lundo

Kwenye semina za ujasiriamali utasikia mengi kuhusu kujiamini, kuthubutu na kujitangaza. Yanatia moyo, lakini hayamwelezi mchimbaji mdogo wa jasi pale Makanya, wilayani Same, inakuwaje lori moja lilipwe vizuri na linalofuata likatwe bei. Jasi haina bango wala kifungashio cha kuvutia, na wanunuzi wake wakubwa wanahesabika kwa vidole. Ndiyo maana inafaa kujifunzia masoko: mbwembwe zote zikishaondolewa, linabaki swali moja tu. Mnunuzi anapima nini?

Makanya ipo kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha na reli itokayo Tanga. Jasi ya ukanda huu hulala karibu na uso wa ardhi, mahali ambapo sururu na chepe vinafika. Tatizo ni kwamba huwa imeshikana na udongo. Wateja wake wakubwa ni viwanda vya saruji, na kile cha Pongwe, Tanga, kiko kilomita 200 hivi kutoka machimboni.

Tuanzie kiwandani, maana huko ndiko bei inakozaliwa. Klinka, yaani mawe yaliyochomwa tanurini ambayo husagwa kuwa saruji, ikisagwa peke yake, saruji yake hukamata dakika chache tu baada ya kukutana na maji, fundi hata hajalaza sawa tofali la kwanza. Jasi ndiyo inayoichelewesha. Huwekwa kidogo, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5. Tuchukue asilimia 4: mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 2 za jasi, tani moja inatosha mifuko 500, na lori la tani 30 linatosha mifuko 15,000. Jasi ikipungua, saruji inakamata mapema. Ikizidi mno, zege linaweza kuvimba na kupasuka baadaye, na ndiyo sababu viwango vya ubora vinaweka kikomo cha salfa kwenye saruji. Kwa hiyo macho ya mtu wa maabara hayapo kwenye ukubwa wa lundo. Yapo kwenye salfa iliyomo ndani yake.

Hesabu yake haina uchawi. Salfa hiyo huhesabiwa kama trioksidi ya salfa, na jasi safi kabisa inayo asilimia 46.5. Maabara ikisoma 35, usafi wa mzigo ni karibu asilimia 75, ikisoma 39.5, ni karibu 85. Turudi kwenye lori letu la tani 30. Kwa usafi wa asilimia 75, tani 7.5 ni udongo na uchafu mwingine. Kwa asilimia 85, ni tani 4.5. Tofauti ni tani 3 za udongo wa Makanya zilizolipiwa nauli mpaka Tanga ili zikamharibie mwenye mzigo jina. Kwa bidhaa nzito na ya bei ndogo, nauli ndiyo inayokula faida, kwa hiyo kusafisha ni kazi ya kufanyika shimoni, kabla lori halijawasha injini.

Anayeielewa hesabu hiyo huanza kwa kuondoa udongo wote wa juu kabla ya kugusa tabaka la jasi, na eneo la kurundika hulifagia likawa gumu na safi. Mzigo huanikwa, hugongwagongwa na kuchekechwa ili udongo laini udondoke. Kisha hutengwa kwa daraja: nyeupe na ngumu huku, yenye udongo kule. Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu akiona lundo zuri ni dogo, analichanganya na lile baya ili lori lijae. Lori linajaa kweli, lakini kiwanda kinakuwa kimepokea mzigo usiotabirika. Mitambo imepangwa kuingiza jasi kwa kipimo fulani. Leo ikija ya asilimia 85 na kesho ya 65, kipimo kinavurugika. Mnunuzi wa namna hiyo anaweza kuridhika zaidi na asilimia 78 inayokuja vilevile kila wiki kuliko 88 inayokuja mara moja kisha ikapotea.

Kazi inayofuata ni sampuli. Kuokota jiwe moja jeupe juu ya lundo na kulipeleka maabara ni kujidanganya mwenyewe. Sampuli ya haki huchukuliwa pande zote, juu, katikati na chini. Vipande huvunjwavunjwa, huchanganywa na kutandazwa duara, kisha duara hugawanywa robo nne. Robo mbili zinazotazamana hubaki, nyingine huondolewa, na zoezi hurudiwa mpaka kibaki kiasi cha kujaza mifuko miwili midogo. Mmoja huenda maabara, kwa mfano ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Wa pili hufungwa, huandikwa tarehe na namba ya lundo, na kutunzwa. Kiwanda kikilalamika, mabishano yanaishia kwenye mfuko huo.

Usafiri nao una akili yake. Lori lililopeleka saruji Arusha lazima lirudi kusini, na kurudi tupu ni hasara kwa mwenye lori. Mchimbaji mwenye tani 30 zilizo tayari kando ya barabara kuu ana nguvu ya kupatana nauli. Mwenye tani 6 hana, anaishia kumuuzia dalali palepale shimoni. Ndipo kikundi kinapokuwa na maana: wachimbaji watano wenye jasi ya daraja moja wanajaza lori moja. Majira nayo yana neno. Jasi iliyolowa huongeza uzito usio na thamani, na mvua za masika huharibu njia za machimboni, hivyo lundo la kiangazi lililofunikwa vizuri ndilo linalouzika Aprili.

Karatasi nazo ni sehemu ya bidhaa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imetenga leseni ya uchimbaji mdogo kwa Watanzania pekee. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuzuia jasi na makaa ya mawe kutoka nje, hatua iliyowafungulia mlango wazalishaji wa ndani. Lakini mlango huohuo uko wazi pia kwa jasi ya Kilwa na ya Itigi. Amri ya serikali inaweza kukuingiza sokoni. Kukubakiza humo ni kazi ya ubora wako.

Kanuni hii haiishii kwenye mawe. Mashamba ya tambarare za Same hutoa ngwara, zao la jamii ya kunde, na soko lake kubwa liko Kenya, ambako wanaziita njahi. Mnunuzi wa huko anataka punje nyeusi, kavu, zisizotobolewa na wadudu. Mkulima anayechanganya rangi kwenye gunia anajiteremshia bei mwenyewe, hata kama ngwara zake ni tamu kuliko zote.

Kama kuna mtazamo wa mafanikio wa kumfundisha mfanyabiashara mdogo, basi ni huu: zoea kujipima kabla hujapimwa. Dalali huishi kwa kujua jambo asilolijua muuzaji. Akifika Makanya na kusema mzigo huu ni mchafu, mchimbaji asiye na cheti cha maabara atabaki kulalamika. Mwenye nacho atamwonyesha namba, atamtajia nauli ya kwenda Tanga, kisha atasubiri bei ya pili.