Pampu ya Fuso na Hewa ya Arua

Kutoka Pakwach hadi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, barabara inapanda zaidi kuliko inavyoshuka. Pale darajani Pakwach, Mto Nile uko kwenye mwinuko usiofika mita 700 juu ya usawa wa bahari. Arua iko kwenye mita 1,200 hivi. Hakuna mlima mmoja wa kutisha, ila miinuko inafuatana, na Fuso iliyobeba saruji au chuma cha kwenda Koboko na kuvukia Sudan Kusini inashushwa gia mpaka ya tatu, moshi mweusi unatanda nyuma, pikipiki zinaipita. Ikifika gereji, maneno ya dereva yanajulikana: gari limekuwa zito, pampu iongezwe.

Na pampu huongezwa. Kwenye gavana, nyuma ya pampu, kuna skrubu yenye nati yake ya kukazia, na ikitoka kiwandani hufungwa kwa waya na kipande cha risasi ili isiguswe ovyo. Koleo inakata waya, spana inalegeza nati, bisibisi inazungusha kidogo. Gari linapelekwa mara moja kwenye barabara ya Koboko likajaribiwe. Linavuta, au dereva anahisi linavuta. Pesa inalipwa. Linaporudi safari nyingine limechemsha na gasketi ya silinda hedi imeungua, na lawama anabebeshwa aliyefunga rejeta.

Tuangalie skrubu ile inafanya nini hasa. Nichukue injini ya Mitsubishi 6D16 isiyo na turbo, maana Fuso nyingi za zamani zinaitumia: silinda 6, kipenyo cha milimita 118, mwendo wa pistoni milimita 115, jumla lita 7.5 na ushee. Pampu yake ni ya mstari, yenye plunja 6, moja kwa kila silinda. Kila plunja imechongwa mfereji wa mshazari ubavuni. Rakki ikisogea inazigeuza plunja zote kwa pamoja, na kadiri zinavyogeuka ndivyo mfereji unavyochelewa kufungua njia ya kurudishia, na dizeli nyingi zaidi inasukumwa kwenye nozo. Skrubu ya gavana ni kikomo tu: inaamua rakki iishie wapi mguu wa dereva ukiwa sakafuni. Ukiilegeza, dizeli inaongezeka. Hewa haiongezeki hata kidogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Silinda moja ya 6D16 ina nafasi ya sentimita za ujazo 1,258. Tuseme inajaza asilimia 85 ya nafasi hiyo. Ufukweni, kwenye nyuzi 25, hewa hiyo ina uzito wa gramu 1.27 hivi. Arua, kwenye nyuzi 30 za mchana, inabaki gramu 1.08, pungufu ya asilimia 15. Injini ya dizeli isiyo na turbo huanza kutoa moshi mweusi ikipewa chini ya gramu 20 hivi za hewa kwa kila gramu ya dizeli. Ikishuka hadi 18 moshi ni wa kuonekana toka mbali. Kwa kipimo hicho cha 20, silinda ya ufukweni inaweza kuchoma kwa usafi milimita za ujazo 76 za dizeli kila mpigo. Ya Arua inaweza 64 au 65 tu.

Kwa hiyo pampu iliyopangwa vizuri kabisa kwa hewa ya Mombasa, ikipanda Arua bila kuguswa, tayari inazidisha. Fundi anayezungusha skrubu anaongeza kwenye kilichozidi. Baadhi ya pampu za Toyota zina kifaa kinachopunguza dizeli chenyewe gari likipanda juu; Fuso nyingi za zamani hazina.

Nguvu haiongezeki kabisa? Inaongezeka, ila kidogo, na hapo ndipo dereva anapodanganyika. Dizeli ya ziada inakuta hewa imeisha katikati ya silinda, inaungua nusu nusu, inachelewa, na sehemu kubwa ya joto lake inatoka kwenye ekzosi wakati pistoni imeshaanza kushuka. Joto hilo linapita kwenye vali, kwenye kichwa cha pistoni, kwenye hedi. Aluminiamu safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ile ya pistoni, iliyochanganywa na silikoni, huanza kulainika kabla ya hapo. Kinachoiokoa ni kwamba moto haukai: unakuja na hewa baridi inafuata. Mwinuko wa dakika 20, mguu ukiwa sakafuni na mwendo wa pole usioleta upepo wa kutosha kwenye rejeta, unaipunguzia pistoni hiyo nafasi ya kupoa.

Fundi anayeijua kazi haanzi na pampu. Anaanza na chujio la hewa, maana vumbi la njia za udongo linatosha kuliziba. Anapima uwazi wa vali. Anatoa nozo zote sita na kuzipima moja moja kwenye mashine ya mkono: shinikizo la kufungukia kama kitabu cha injini kinavyosema, mnyunyizo uwe ukungu, ncha isidondoshe tone baada ya kufunga. Nozo inayodondosha inatoa moshi uleule wa pampu iliyozidi, na kupunguza skrubu hakutaiponya.

Ndipo pampu inashushwa na kupelekwa kwenye benchi. Huko ndiko madhara ya dizeli chafu yanakoonekana, na West Nile, eneo la Arua, ina historia yake ya mafuta. Vijana wa Arua waliojulikana kama Opec Boys walijipatia riziki kwa kuuza mafuta ya magendo kutoka Kongo na Sudan kwenye majerikani kando ya barabara. Siwalaumu, palipokuwa hakuna kituo, wao ndio walikuwa kituo. Lakini dizeli iliyomiminwa kutoka jerikani hadi jerikani inaingia na maji na mchanga, na kati ya plunja na ala yake mna nafasi ya mikroni chache tu. Mchanga ukipita humo unachora, dizeli inavuja pembeni, na silinda moja inaanza kula kidogo kuliko nyingine.

Benchi ndilo linaloonyesha hayo. Pampu inafungwa, mota inaizungusha, na dizeli ya kila plunja inaingia kwenye kipimo chake cha kioo. Vioo sita vimesimama sambamba, vimechorwa mistari, na macho yanaona kabla ya hesabu. Mipigo 1,000 ikitoa sentimita za ujazo 65, maana yake mpigo mmoja ni milimita za ujazo 65. Sasa tuchukue pampu ambayo wastani wake ni 66, namba iliyo karibu na kipimo cha Arua, lakini kioo kimoja kimesimama kwenye 58 na kingine kwenye 74. Silinda ya 74 imezidi kipimo cha Arua kwa karibu asilimia 15, nayo ndiyo inayotoa moshi na kupasua hedi. Ya 58 inapanda mlima bila kusaidia. Ukilegeza skrubu ili kuishibisha ya 58, ile ya 74 inafika 80 na zaidi. Dawa ni kubadilisha plunja iliyochoka, kisha kuzisawazisha zote mpaka tofauti ibaki asilimia 3 au 4. Nguvu nyingi ambayo dereva alikuwa anaidai iko hapo.

Pampu ikirudi kwenye injini, taimingi inapangwa kwa kitabu. Kuisogeza mbele ili gari lichangamke ni mtego mwingine: shinikizo linapanda kabla pistoni haijafika juu, injini inagonga, na gasketi inakwenda.

Injini yenye turbo ina habari tofauti. Marekani, wenye Dodge Ram za 1994 hadi 1998 zenye Cummins ya lita 5.9 na pampu ya Bosch P7100 wamekuwa wakichonga au kubadilisha bamba dogo linalozuia rakki, na wanapata nguvu nyingi kweli. Inawezekana kwa sababu turbo inaleta hewa ya ziada. Turbo ikizidisha shinikizo mara mbili, hewa yenyewe inapata moto kupita nyuzi 120, kwa hiyo silinda inapokea mara moja na nusu tu. Ikipozwa na intakula hadi nyuzi 60, inakaribia mara 1.8. Nafasi ya kuongeza dizeli ipo, mradi iongezwe kwa kufuata hewa. Kazi hiyo ni ya kiwambo kidogo juu ya gavana, kinachosukumwa na upepo wa turbo na kuiruhusu rakki iende mbele upepo ukishafika. Bomba lake jembamba likipasuka gari linakuwa zito ghafla, na si ajabu kukuta mtu ameshalegeza skrubu kuu kwa ajili ya mpira wa bei ndogo.

Wengi wa Wamarekani hao hufunga kipimajoto cha ekzosi kabla ya turbo. Nyuzi 650 ni mahali pa kutulia mlima mzima. Ikikaribia 700 mguu unainuliwa. Fuso iliyoongezwa pampu bila kipimo hicho inaendeshwa kwa kubahatisha. Na kuchukua injini isiyo na turbo ukaifunga turbo ya kuokoteza ni jambo lingine kabisa: watengenezaji wakitoa injini ya turbo kwa kawaida hubadilisha pistoni na kuzipulizia oili kutoka chini.

Tena, tatizo mara nyingi ni mzigo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaliruhusu lori la ekseli mbili tani 18 kwa jumla. Kupanda mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 kwa kilomita 25 kwa saa, tani hizo zinahitaji kilowati 74 hivi kwenye magurudumu. Pakia mpaka tani 24, na nguvu ileile inakupa chini kidogo ya kilomita 19 kwa saa. Mwinuko wa kilomita 10 uliokuwa wa dakika 24 unakuwa wa dakika 32. Dakika 8 hizo ndizo dereva anazotaka kuzikomboa kwa kuongeza pampu, na bei yake ni gasketi na pistoni.

Skrubu ya pili ya gavana, ile ya mwendo wa juu wa injini, isiguswe kwa sababu yoyote. Inalinda springi za vali na konrodi zisizidishiwe duru. Na kwenye kushuka kurudi Pakwach, haitaisaidia injini: gia ndogo ikiingizwa kwa kasi kubwa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini na gavana haina la kufanya. Kabla fundi hajakabidhi gari lililoongezwa nguvu, akague breki ya ekzosi na unene wa viatu vya breki vya nyuma, maana dereva atakayefika kileleni mapema ataanza kushuka akiwa na kasi kubwa kuliko alivyozoea, na tani zilezile nyuma yake.