Chumba cha Meno: Nimeingia, Sitaki Kutoka!

Jamani, acheni niseme haraka kabla sijapasuka. Kama umemaliza kidato cha sita na PCB yako, JKT hawajakuita, na upo tu nyumbani unasubiri NECTA watoe matokeo, nenda kajitolee chumba cha meno. Usiulize mara mbili! Mimi nimepokelewa kwenye kliniki moja ya serikali hapa Arusha, ndiyo kwanza naanza, na nimeshawachosha nyumbani kote kwa habari za magego.

Tuanze na kile kiti. Unakanyaga pedali, mgonjwa analala taratibu, taa inashuka hadi usoni, na kinywa kilichokuwa pango la giza kinafunguka chote mbele yako. Pembeni kuna kifyonza mate kinachokoroma, na trei ya vyuma vilivyotoka kwenye mashine ya mvuke ya nyuzijoto 134. Trei hiyo ndiyo himaya yangu. Anayejitolea haruhusiwi kuingiza mkono kinywani mwa mtu, na ni haki kabisa, kwa hiyo nasugua vifaa, navifunga kwenye pakiti, nashika taa, naandika kadi. Kadi zenyewe utamu mtupu! Kila jino lina namba yake. "Tatu sita" ni robo ya tatu ya kinywa, jino la sita, yaani gego kubwa la kwanza, chini kushoto. Siku hizi mtu akipiga miayo kwenye daladala nami nahesabu.

Mtaani wanasema kazi ni kung'oa tu. Basi waje waone kung'oa kwenyewe! Alikuja bibi mmoja, kanga kichwani, ameshika shavu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akanikazia macho: "Mjukuu wangu, ni wewe utakayening'oa?" Nikamwambia, "Hapana bibi, mimi nashika taa tu." Akashusha pumzi chumba kizima kikasikia. Dokta akampiga ganzi nyuma ya taya, akasubiri, akauliza mdomo umekuwa mzito? Umekuwa. Ndipo koleo likaingia, na hapo ndipo nilipoachama kuliko bibi mwenyewe: dokta havuti! Analisukuma jino ndani kuelekea mzizini, halafu analilaza upande wa shavu, upande wa ulimi, polepole, mpaka mfupa unaolishika unatanuka na jino linaachia lenyewe. Bibi akang'ata pamba, akaambiwa asisukutue hadi kesho, akainuka na kuuliza kwa ishara kama ndiyo imeisha.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni kuziba jino bila mashine. Mtoto wa darasa la pili, gego lake la kwanza la ukubwani limetoboka, na macho yake yote yako kwenye sindano. Sindano haikutumika! Dokta alichukua kijiko kidogo cha chuma, kidogo kuliko ukucha, akakwangua ule uozo laini mpaka akafika penye ugumu. Nesi akamwaga unga kidogo na matone ya majimaji kwenye karatasi nyororo, akakoroga mbio mbio, maana ukichelewa inaganda mikononi. Ikajazwa kwenye tundu, dokta akaikandamiza kwa kidole chenye vaselini, akahesabu, basi. Mtoto akashuka kitini akiulizia chai.

Sasa shikeni viti. Njia hiyo ilizaliwa hapa hapa Tanzania! Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake pale shule ya meno ya Dar es Salaam walitafuta namna ya kuokoa meno ya watu wasio na umeme wala drili. Baadaye ikafanyiwa majaribio Thailand, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Nimesoma biolojia miaka yote hii na hakuna aliyewahi kunitajia. Mbona tunanyamaza?

Na kuna kisa cha floraidi, ambacho kwa mtu wa Arusha ni cha nyumbani. Ule unga wa kuzibia una floraidi ndani yake, nayo inavuja kidogo kidogo na kulilinda jino. Floraidi hiyo hiyo, ikizidi kwenye maji ya kunywa, ndiyo inayotupaka kahawia wengi tuliokulia huku chini ya Mlima Meru. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Ongeza magadi kwenye makande, imezidi tena. Madoa huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, ndiyo maana mtu mzima anayehamia hapa kutoka Tanga hayapati. Vijana wanakuja wameziba mdomo kwa kiganja, wanaambiwa si uchafu, mswaki haukukosea, na mabega yanashuka papo hapo. Kemia ya kidato cha tano imekaa kitini inatabasamu!

Kasoro? Zipo. Hulipwi, nauli juu yako. Mgongo unauma, kwa maana kazi yote ni kuinama. Ile sauti ya drili unalala nayo. Na njia ni ndefu: Shahada ya Udaktari wa Meno pale Muhimbili ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Nimeshapiga hesabu ya umri wangu, nimeona bado ninalipa.

Nyota tano. Ya sita ikiwepo naiweka.

Wewe unayetaka kujaza fomu ya chuo kwa sababu tu mjomba amesema udaktari una heshima, andika kwanza barua kwa mganga mfawidhi wa kituo cha karibu, omba kushuhudia, beba viatu vilivyofunika vidole. Na uulizie mapema chanjo ya homa ya ini B; dozi ni tatu, na ya mwisho huja miezi 6 baada ya ile ya kwanza.