Kung'oa, Kufungua na Kuchomoa: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo Mmoja wa Gereji

Utangulizi

Ni desturi ya wahakiki wa tafsiri kushughulikia sheria, hotuba na vitabu vya shule. Karatasi ya gereji haipati heshima hiyo. Hata hivyo karatasi ya namna hiyo husomwa na mtu mwenye spana mkononi, naye akikosea kwa sababu ya neno letu hapotezi alama za mtihani, bali huharibu mali ya umma na pengine hukatwa mshahara.

Makala haya yanahakiki mwongozo wa kurasa sita juu ya utunzaji wa injini, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa matumizi ya madereva na mafundi wa ofisi moja mjini Dodoma. Yafaa niseme mapema kwamba mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa watu watatu walioukagua mwongozo huo kabla haujapigwa chapa. Kwa hiyo lawama zitakazofuata hazimwendei jirani.

Tukio lenyewe

Miezi michache baada ya hesabu ya watu iliyofanyika nchini Agosti 23, 2022, gari moja la ofisi lilirejea kutoka Kondoa likiwa na ugonjwa. Feni ya rejeta ilizunguka bila kupumzika, na injini ilikunywa petroli kuliko kawaida yake. Dereva alitambua kwamba kilichokufa ni kile kidude kinachopima joto la maji ya injini na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Kompyuta isipopata habari ya kweli hudhani injini bado ni ya baridi, ikaongeza mafuta; au huwasha feni wakati wote kwa tahadhari.

Gari likapelekwa gereji huko Kizota. Fundi kijana aliyekabidhiwa kazi akafungua mwongozo wetu na kusoma: “Ng'oa sensa ya joto, kisha weka mpya.” Akatii. Kazi aliyokuwa ameizoea ni ya kidude kingine, kile kinachopima mzunguko wa fito kuu ya injini, ambacho huchomekwa tu katika tundu lake na kushikwa na bolti moja. Hicho kikikwama, bolti ikishatolewa, hutikiswa huku na huku na kuinuliwa taratibu. Basi akaingiza bisibisi chini ya kichwa cha plastiki na kukinyanyua. Plastiki iliyokaushwa na joto la miaka mingi ikavunjika. Mwili wa shaba nyeupe ukabaki ndani ya silinda hedi, kwani haukuwa umechomekwa. Ulikuwa umekazwa kwa hesi, mfano wa parafujo. Na hesi zake zilikuwa zimeshika kutu na magadi, maana rejeta ilikuwa ikijazwa maji ya visima, na visima vingi vya nyanda hizi za kati vina chumvi.

Ofisi ikaandika barua ya kumtaka fundi alipe gharama.

Mashtaka dhidi ya nomino

Habari ilipofika kwetu, jambo la kwanza lililozungumzwa kikaoni lilikuwa neno “sensa”. Hapana shaka neno hilo lina kasoro. Kwa miaka mingi Watanzania wamelitumia kwa maana ya hesabu ya watu: tumekuwa na sensa ya 1967, ya 1978, ya 1988, ya 2002, ya 2012 na ya 2022. Mafundi nao wameliokota neno jingine la Kiingereza lenye sauti karibu na hiyo, wakalipa umbo lile lile. Matokeo yake ni kwamba hati ya malipo ya kazi hii, iliyoandikwa “kutoa sensa iliyokwama”, ilirudishwa na mhasibu akiuliza ni fungu gani la sensa lililokwama, na kwa nini linalipiwa gereji. Tulicheka, lakini mhasibu alikuwa na haki. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Maneno mawili yamependekezwa kuchukua nafasi yake, nayo yamekwisha kuonekana katika maandishi ya simu na kompyuta: “kihisi” na “kitambuzi”. Kwa maoni yangu “kihisi” ndilo lifaalo injini. Kidude hiki hakitambui chochote. Joto likipanda, ukinzani wake wa umeme hupungua. Joto likishuka, ukinzani huongezeka. Hiyo ni hisia tu. Anayetambua maana ya hisia hiyo ni kompyuta. “Kitambuzi” na kibakie kwa chombo kinacholinganisha na kuamua, kama kile kisomacho alama za vidole mlangoni. Aidha, “kihisi” huzaa vizuri: kihisi joto, kihisi mwendo, kihisi hewa.

Lakini hapa ndipo kikao chetu kilipopotea njia. Tulijadili nomino kwa saa mbili, tukaridhika, tukafunga mafaili. Wala hatukujiuliza: je, fundi alishindwa kwa sababu ya neno “sensa”? La hasha. Alilielewa mara moja, na kidude alichokishika ndicho kilichokusudiwa. Nomino yetu mbaya ilimsumbua mhasibu. Iliyovunja mali ya umma ni “ng'oa”, nalo halikuwamo katika ajenda.

Kosa lililo katika kitenzi

Vitabu vya ufundi vya Kiingereza huridhika na kitenzi kimoja cha kuondoa kwa kazi zote. Kifuniko huondolewa, waya huondolewa, gasketi huondolewa, nati huondolewa, kwa neno lile lile. Msomaji wa Kiingereza hupata namna ya kuondoa kutoka katika picha au katika mazoea. Mfasiri wetu, kwa kuchoshwa na marudio ya “ondoa”, alibadilisha maneno ili kuupa mwongozo ladha: mara “toa”, mara “ng'oa”, mara “ondoa”. Katika insha ni uzuri, lakini katika maelekezo ya kazi ni hatari, kwa sababu katika Kiswahili vitenzi hivyo si visawe.

Kila mzungumzaji anajua kwamba jino hung'olewa, na mti hung'olewa. Yaani kilichoota mizizi hutolewa kwa nguvu, wala hakitarajiwi kurudi. Waya wa umeme huchomolewa katika soketi yake. Gasketi iliyogandamana hubanduliwa. Nati hulegezwa kwanza, kisha hufunguliwa kwa kuizungusha kushoto. Lugha imekwisha kumwekea fundi, ndani ya kitenzi chenyewe, habari ya jinsi kitu kilivyoshikamana na mkono unavyopaswa kwenda. Kiingereza hakikuwa na habari hiyo katika kitenzi chake. Kiswahili kinayo, nasi tukaitupa.

Tena tazama jozi hizi: funga na fungua, chomeka na chomoa, bandika na bandua, ziba na zibua. Kiswahili kina kiambishi cha kutengua, ambacho hukiambia kitendo kirudi njia kilikopita. Kwa hiyo ipo kanuni ambayo mfasiri wa ufundi angeweza kuifuata bila kuwa fundi: kitenzi cha kutolea kifuate kitenzi cha kuwekea. Laiti tungejiuliza kidude hiki huwekwaje, tungeambiwa “hufungwa kwa kukazwa”, nasi tungeandika “fungua”. “Ng'oa” halina mwenzake wa kurudishia. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka.

Somo kutoka kwa fundi mkuu

Nilikwenda Kizota siku iliyofuata. Nikamwamkia fundi mkuu, mtu wa makamo: “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, kisha akanionyesha kipande cha shaba kilichobaki ndani. Nikamwuliza atakitoaje. “Mwanangu,” akasema, “hiki kimekatikia ndani. Hapa kung'oa kumekwisha. Hapa ni kuopoa.”

Nakiri kwamba nilikuwa nimelisikia neno “kuopoa” kwa ndoo iliyotumbukia kisimani tu. Lakini nilipotazama kazi yenyewe, niliona kwamba hakuna neno jingine lifaalo. Kwanza alihakikisha injini imepoa kabisa, kwa kuwa maji yake yakiwa ya moto hukaa chini ya msukumo na yaweza kumbabua mtu. Akapunguza maji, akachomoa nyaya za betri, akanyunyiza mafuta mepesi ya kupenya kutu na kuyaacha yafanye kazi tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha akaipasha moto aluminiamu iliyokizunguka kipande, mbali na mipira ya mafuta. Aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko shaba nyeupe, na kwa hiyo tundu hulegea kabla kipande hakijalijaza. Akatoboa kipande katikati kwa keekee, akianza na ncha nyembamba na kupanda, ncha ikiwa imepakwa grisi ili ishike chenga. Mwisho akaingiza chombo chenye hesi za kinyume. Chombo hicho kadiri kinavyozungushwa kushoto ndivyo kinavyouma zaidi, hata kipande kikakubali na kutoka chote. Akasafisha hesi za tundu, akaosha chenga, akafunga kihisi kipya kwa mkono kwanza na spana baadaye, pasipo kukikaza kupita kiasi.

Angalieni, wasomaji, ni vitenzi vingapi vimetumika: chomoa, pasha, toboa, uma, opoa, safisha, funga. Hakuna hata kimoja kilichohitaji kikao cha kukiunda. Na neno “kukatikia”, kwa kiambishi chake cha kutendea, humaliza kwa pumzi moja habari ambayo Kiingereza huieleza kwa maneno matatu.

Inasemekana kwamba jina la mji wa Dodoma latokana na neno la Kigogo linalohusu kuzama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia kwenye matope mahali hapo. Wenyeji waliona namna tembo alivyokwama, wakapaita kwa tendo, wala si kwa mnyama. Nasi watu wa istilahi yafaa tuige.

Mapendekezo

Kwanza, orodha za istilahi za ufundi zisiwe za nomino tu. Kila jina la sehemu ya mashine liandamane na kitenzi cha kuiwekea na kitenzi cha kuitolea: kihisi joto, hufungwa, hufunguliwa, kihisi mzunguko, huchomekwa, huchomolewa.

Pili, “kihisi” litumike katika maandishi rasmi, na mara ya kwanza lifuatwe na maelezo kwamba mafundi hukiita “sensa”. Kulifuta neno la gereji kwa amri hakuwezekani, na kumficha fundi neno alijualo ni kumnyima mwongozo.

Tatu, maelekezo ya kazi yasipambwe kwa visawe. Kitendo kimoja kiitwe kwa neno moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Nne, tafsiri ya ufundi isipigwe chapa kabla haijasomwa na fundi mbele ya mashine. Watu watatu tulioukagua mwongozo ule tulikuwa na shahada, na hapakuwa na hata mmoja miongoni mwetu aliyewahi kufungua kihisi. Kamusi ya kiufundi ya Rajmund Ohly ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1987, na tangu hapo injini zimebadilika sana. Kamusi haiwezi kutusaidia peke yake. Gereji ziko karibu na ofisi zetu.

Hitimisho

Niliiandikia ofisi ile barua kueleza kwamba fundi alitii maandishi, na kwamba kosa lilikuwa katika maandishi. Dai likafutwa. Lakini kijana yule alikuwa amekwisha kuitwa mzembe mbele ya wenzake kwa muda wa majuma mawili, na barua yangu haikusomwa mbele ya wenzake hao. Mwongozo umesahihishwa, mstari ule sasa wasomeka: “Injini ikiisha kupoa, chomoa waya wa kihisi joto, kisha kifungue kwa spana kwa kukizungusha kushoto.” Ni mrefu kuliko ule wa kwanza. Wasomaji walio na miongozo ya namna hii katika ofisi zao wanaombwa kuitazama upya, wakianza na vitenzi.